Nyota Nyuma ya Mlango

Mume wangu Shem alikuwa mwongo wa kupendeza. Ukimuuliza alijifunza wapi kukunja nyota za karatasi, alikupa jibu kulingana na sura yako. Mimi aliniambia alifundishwa na muuguzi mmoja alipovunjika mguu akiwa darasa la sita. Ndugu yake Maxwell anaapa kwamba Shem hajawahi kuvunjika hata kidole. Mama Shiko, mwenye nyumba wetu hapa Mutuini, aliambiwa ni mtawa fulani aliyekuwa akiuza maua. Na mtoto wetu Namalwa aliambiwa kwamba baba yake alizaliwa akijua.

Alikuwa tarishi katika ofisi ya bima mjini. Mwaka ukikaribia kwisha, kalenda kuukuu zilianza kushushwa kutani pale ofisini, naye akazidaka kabla hazijafika kwenye pipa. Zile kubwa, za karatasi nzito inayong'aa, zenye picha za twiga na maporomoko ya maji. Karatasi ya daftari hakuitaka kabisa. Alisema haina uti wa mgongo, nyota yake hulala kabla Krismasi haijafika.

Mimi ni fundi wa cherehani, na kibanda changu kiko nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Alikuwa akishuka pale jioni akitoka mjini ili twende nyumbani pamoja. Desemba alikuja na kalenda zimeviringishwa chini ya kwapa, na wateja wangu wakamuuliza kama siku hizi anauza ramani. Aliwajibu kwamba ndiyo, ni ramani za mbinguni, na walioweka oda ya nguo bila kumaliza kulipa hawamo. Nilimwambia aache kunifukuzia watu. Hakuacha.

Jumapili baada ya kanisa, meza ilipangwa. Shem upande huu, Namalwa upande ule, kalenda katikati na mkasi wangu mkubwa ambao nilikuwa nimewakataza kuugusa, maana karatasi hutoa makali ya mkasi wa kitambaa. Waliugusa. Alikata karatasi ikawa mraba sawasawa, kisha wakaanza. Nusu kwa nusu, kona kwa kona, pindua, fungua, sukuma ndani. Namalwa alizijua hatua zote hizo tangu akiwa chekechea. Lakini mkunjo wa mwisho, ule unaozifunga ncha zote sita nyota ikasimama, Shem aliufanyia chini ya meza. Aliinamisha bega la kulia, ulimi ukatokeza pembeni ya mdomo, akahangaika huko chini kidogo, halafu mkono ukaibuka na nyota imefungwa, ina tumbo katikati kama andazi.

Mtoto akiinama kuchungulia, Shem aligeuza kiti. Akisema si haki, Shem alimjibu kwamba hiyo ni siri ya kampuni.

"Ukimaliza Grade Four nitakuonyesha, mama," alimwambia. "Saa hii utaambia watu."

Alimwita mama kwa sababu mtoto alipewa jina la mama yake mzazi. Kwetu jina kama hilo si mchezo. Namalwa akikosa, siwezi kumkaripia ovyo, maana ninapofungua mdomo ni kama namkaripia mama mkwe wangu aliyeko Kimilili. Shem alilijua hilo vizuri. Nikikunja uso tu alikuwa ananiuliza, eti Peres, unataka kumwambia nini mama yangu? Basi nilimeza maneno. Nimemeza mengi katika nyumba ile.

Nyota zikiisha kukunjwa, Shem alizitunga kwenye uzi akazivusha kutoka pembe moja ya sebule hadi nyingine, zingine dirishani, nyingine juu ya kabati. Mwaka jana moja ilitoka vibaya. Ncha yake moja iliinama, haikutaka kusimama na wenzake. Shem aliishika mbele ya taa, akaicheka.

"Hii imeangusha bega," akasema. "Wacha ikae na mimi huku nyuma."

Akaitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari wake wa koti, na koti akaliweka juu yake.

Mwezi wa nne Shem alianguka kwenye ngazi za ofisi akiwa amebeba faili. Walisema ni presha. Nilipigiwa simu nikiwa na nguo ya mteja kwenye cherehani, na nilipofika hospitalini waliniketisha kwanza kwenye kiti. Mtu akikuketisha kabla hajakwambia neno, umeshajua.

Jioni zilizofuata nyumba ilijaa watu wa maombi. Nawashukuru, na bado nina hasira nao, nayo haitoki. Akina mama wa kanisa walikuja kutengeneza nafasi. Walitoa makochi nje, wakasukuma kabati, wakapanga viti vya plastiki. Nyota zilikuwa bado ziko juu, kwa sababu kila mwaka Namalwa hukataa zishushwe, na Shem hakuwa mtu wa kumkatalia. Sijui ni nani aliyezishusha. Nilichosikia baadaye ni kwamba zilifagiliwa pamoja na takataka zikachomwa nyuma ya shamba la mahindi la Mama Shiko. Wakati ule hata ningeambiwa nisingejali. Nilianza kujali wiki zilizofuata, watu walipopungua na makochi yakarudi mahali pake, nikainua macho nikaona dari tupu.

Tulimzika Kimilili. Maxwell ndiye aliyeshughulikia programu za mazishi, zile za karatasi ya kung'aa zenye picha ya marehemu kwa mbele. Maxwell ni mtu wa kupenda mambo makubwa. Alichapisha nyingi mno, na boksi zima la zilizobaki likarudi nasi Nairobi likaingia chini ya kitanda. Ungezipeleka wapi? Programu ya mazishi haitupwi. Kabati letu limehifadhi za watu ambao hata siwakumbuki sawasawa, majirani wa zamani, mwalimu wa kwaya, wote wanatabasamu humo ndani katikati ya sahani za wageni. Kuichana ni kama kumchana mtu usoni.

Baadaye Maxwell alikuja kuchukua nguo za kaka yake zikagawanywe nyumbani, ndiyo desturi. Alikunja mashati, akakunja suruali, akafika nyuma ya mlango akaliondoa lile koti la kijivu. Chini yake ilikuwa ile nyota, imebonyea kidogo, ncha moja imeinama vile vile. Maxwell hata hakuiona. Namalwa na mimi tuliiona pamoja, tukaiacha pale pale msumarini.

Ikawa ndiyo nyota pekee iliyobaki duniani. Hivyo ndivyo nilivyoiona, na msomaji anicheke akitaka.

Desemba ilifika. Shule zilikuwa zimefungwa na Namalwa alikuwa amemaliza Gredi ya Nne. Hakunikumbusha ahadi ya baba yake, lakini nilimwona siku ya kuleta ripoti akiiweka mezani, mahali ambapo Shem alikuwa akikaa. Kibandani nilikuwa nimezidiwa na kazi. Kila mwanamke anataka gauni la Krismasi na kila gauni ni la haraka. Kwenda Kimilili nilikataa. Kaburi liko pale pale karibu na jiko la mama mkwe, na sikuwa tayari kupika chai nikiliangalia.

Nilijua mtoto atataka nyota. Nilijaribu kumtangulia. Nilinunua utepe wa kumetameta na mipira ya rangi pale Adams Arcade, nikamletea. Alinishukuru kwa adabu, akavitundika dirishani, akarudi kukaa. Tukatafuta kwenye simu. Simu ina nyota za kila aina, za gundi, za karatasi za rangi rangi, na mikono misafi ya watu wasio na haraka ikikuonyesha hatua kwa hatua. Tuliangalia nyingi. Ya Shem haikuwemo. Kila tulipofika mwisho Namalwa alitikisa kichwa, akasema hiyo ni ya watu wengine.

Ndipo aliponiambia.

"Mama, si tufungue hii ya mlango? Pole pole tu. Nione vile alifanya pale mwisho."

Nikamwambia hapana.

"Nitairudisha."

Nikamwambia haitarudi. Mimi nimefumua nguo maisha yangu yote, najua. Nguo ukiifumua unaweza kuishona tena, lakini uzi ule wa kwanza unautupa, na matobo ya sindano yanabaki. Nikamwambia nyota ile haiguswi na asiniulize tena.

Nilikuwa na sababu nyingine ambayo mtoto hangeielewa, na pengine hata mtu mzima. Mkunjo ule wa mwisho ulikuwa bado umefungwa. Vidole vya Shem ndivyo vilivyoufunga na hakuna mwingine aliyeufungua. Kila jioni nilipoingia na kurudisha mlango niliikuta pale msumarini, imeangusha bega, na nilijisikia kama kuna kitu ambacho hajakimaliza. Mtu mwenye kazi ambayo hajaimaliza hurudi kuimaliza. Najua ni upumbavu. Lakini upumbavu huo ndio uliokuwa ukinisaidia kuingia ndani ya nyumba ile.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilifunga kibanda mapema. Gauni la mwisho lilikuwa limechukuliwa na mwenyewe, shingo nimeirekebisha mara tatu na bado hakuridhika. Nilinunua nyama, nikanunua unga wa chapati, nikafika nyumbani kukiwa bado na jua. Niliingia, nikaweka mfuko chini, nikarudisha mlango.

Msumari ulikuwa mtupu.

Nilitazama sakafuni kwanza, nikidhani imeanguka. Kisha nikaona meza. Karatasi ya kalenda ilikuwa imelazwa pale, imenyooshwa, twiga wa watu kakatwa miguu, mistari ya mikunjo imepita kila upande. Pembeni ulikuwepo mkasi wangu. Namalwa alitoka jikoni na uzi mkononi. Alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu Aprili, na hilo ndilo jambo ninalolikumbuka vibaya zaidi.

"Mama, angalia juu," akaniambia.

Sikuangalia juu. Nilikuwa naangalia karatasi. Nilimuuliza ni nani aliyeifungua, kana kwamba nyumba ile ina watu wengi.

"Ni mimi. But Mama, nimejua. Ile ya mwisho unaingiza hii hapa alafu..."

"Umemuua baba yako mara ya pili," nikasema.

Sikupiga kelele. Ningepiga kelele labda angejua ni hasira tu. Niliyatamka polepole, nikimwangalia machoni, mtoto mwenye jina la mama mkwe wangu. Na wa kuniuliza nataka kumwambia nini mama yake hakuwepo.

Namalwa aliuweka uzi juu ya kiti. Akavaa viatu vyake, akainama akafunga kamba vizuri, mguu huu, kisha huu. Akafungua mlango akatoka, akaurudisha taratibu nyuma yake.

Nilibaki nimesimama. Baada ya muda nikainua macho.

Shem alikuwa kila mahali. Alikuwa juu ya dirisha, juu ya kabati, ametandazwa kutoka pembe hadi pembe kwenye uzi wangu mweupe wa kushonea. Mtoto alikuwa amevuta boksi la chini ya kitanda. Kalenda hazikuwepo, maana aliyekuwa akizileta hayupo, na karatasi nzito inayong'aa ndani ya nyumba yetu ilikuwa moja tu. Alikuwa ametoa pini, akachukua jalada la kila programu, akalikata mraba, akakunja. Picha ilikuwa imeangukia katikati, pale penye tumbo. Kwenye kila nyota uso wa Shem ulikuwa ukinichekea, nyingine ina jicho moja limeingia kwenye mkunjo, nyingine sikio halipo, lakini ni yeye. Kwenye ncha moja ungeweza kusoma "Kuadhimisha maisha ya", basi, yaliyobaki yamezama ndani.

Halafu nikapata hasira mpya, afadhali ya hasira, inakuweka wima. Kumkata marehemu kwa mkasi! Angeingia mtu wa kanisa sasa hivi angesema nini? Angeona Maxwell? Nikavuta kiti nikapanda, nikaishika ya kwanza niivute. Ilikuwa imara. Ukitaka kuiharibu ilibidi uiponde mkononi, na kuiponda ni kuuponda ule uso. Vidole vilikataa. Nikabaki juu ya kiti nimemshika mume wangu kwa ncha ya nyota, sijui nimweke wapi.

Hapo ndipo nilipoiona ile ncha. Katika picha ile Shem amevaa koti lake la kijivu, na bega la koti lilikuwa limekuwa ncha ya kulia. Ncha hiyo ilikuwa imeinama. Nikaangalia nyota iliyofuata. Imeinama. Nyingine, vile vile. Zote, kutoka dirishani hadi kabatini, zilikuwa zimeangusha bega moja, la upande mmoja.

Nilishuka. Nikaiendea ile karatasi ya kalenda pale mezani, nikaigeuza mahali panapopata mwanga wa dirisha. Kazi yangu ni mikunjo, mstari wa pasi uliokosewa nauona hata nikiwa na usingizi. Pale kwenye mkunjo wa mwisho palikuwa na mistari miwili, mmoja umekaribiana na mwingine. Shem alikuwa amekunja, akakosea kidogo, akakunja tena juu yake kwa kubonyeza sana, akaingiza ncha kwenye mfuko usio wake. Ndiyo maana iliinama. Ndiyo maana aliificha chini ya koti. Na Namalwa, ambaye hakuwahi kuonyeshwa mkunjo huo hata siku moja, alikuwa ameifungua nyota mbovu kuliko zote alizowahi kutengeneza baba yake, akalisoma kosa lile kidogo kidogo, akalishika kama amri. Akalirudia kwenye kila nyota bila kukosea.

Nilijaribu kuikunja ile ya kalenda irudi. Nilifuata mistari yake mwenyewe. Ilipofika katikati karatasi ilipasuka, mwaka mzima wa kuning'inia ulikuwa umeikausha kwenye mikunjo, na twiga akagawanyika vipande viwili mikononi mwangu. Nikajua kwamba hakuna kazi iliyokuwa imebaki bila kumalizwa. Shem alikuwa ameimaliza zamani, tena vibaya, akacheka, akatundika koti, akaenda zake. Hakuwa na sababu yoyote ya kurudi.

Namalwa alikuwa kwa Mama Shiko, amekaa kwenye kiti cha jikoni, chai imepoa mbele yake. Mama Shiko alinipokea mlangoni. Ni mwanamke asiyejua kunong'ona, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Mama Namalwa, huyu mtoto amekaa hapa na hajalia. Mimi ningeona heri alie."

Akachukua ndoo yake akatoka kwenda kwa ng'ombe, akatuachia jikoni.

Nilichuchumaa mbele ya kile kiti. Namalwa ndiye aliyeanza. Aliniuliza akiangalia kikombe.

"Ni ukweli nimemuua?"

Tangu mwezi wa nne nilikuwa nimetumia kila neno isipokuwa lile lenyewe. Shem alikuwa ametutoka, amelala, ametangulia, ameitwa. Programu zile zilisema amepumzishwa. Mtoto wangu nilimwambia baba amekwenda, na nikamwacha ajazie mwenyewe amekwenda wapi. Sasa nikaona kwamba nikimpa tena mojawapo ya maneno hayo, lile nililomwambia sebuleni litabaki ndani yake hadi atakapokuwa mtu mzima.

"Hapana," nikasema. "Baba alikufa. Alikufa kwa ngazi za ofisi, mwezi wa nne. Wewe ulikuwa shule. Hukufanya kitu. Mimi sikufanya kitu. Alikufa tu, Namalwa, na hatarudi. Nisamehe vile nilikuambia."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa analijua jambo na anangoja tu mkubwa alikubali. Halafu uso ukakunjika, akaniangukia begani, na kilio kilichomtoka kilikuwa kikubwa hata ng'ombe wa Mama Shiko akaitikia nje. Nililia naye. Nilimlilia Shem, nikajililia mwenyewe. Katikati ya kilio aliniambia kitu ambacho sikukisikia vizuri, ikabidi arudie.

"Nilikuwa nimeanza kusahau mikono yake. Nilitaka kuona vile ilifanya."

Tulirudi kwetu giza likianza kuingia. Nilikuwa nimetoka bila kuwasha taa, nikaiwasha, na Shem akatuchekea tena kutoka pande zote. Namalwa alinikazia macho kuona nitafanya nini. Nilimwambia hazishuki. Nikamwambia hata Maxwell akija, hata pasta, hazishuki, na mwenye maneno aje kwangu.

Kisha nikamwomba akunje moja nikimwangalia. Alitoa programu kwenye boksi, akaondoa pini kwa kucha, akakata kwa mkasi wangu, nami sikusema lolote kuhusu mkasi. Nusu kwa nusu, kona kwa kona. Alipofika mwisho aliniangalia kwa wasiwasi, halafu akaiteremsha chini ya meza. Bega lake la kulia likainama. Ulimi ukatokeza pembeni ya mdomo. Sikujua kama anafanya makusudi au hata hajui anafanya. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, maana nilitaka kupaza sauti nimwambie Shem aache mchezo, ainuke.

Mkono ukaibuka na nyota. Aliiweka mbele yangu akaigeuza geuza, akagusa ile ncha.

"Mama, hii imeinama. Zote zinainama hapa. Niko sawa ama kuna mahali nakosea?"

Kosa nililijua. Lilikuwa upana wa uzi wa sindano, na ningeweza kumwonyesha pale pale, akanyoosha, na tangu siku hiyo akawa na nyota nzuri za kupendeza watu.

"Uko sawa," nikamwambia. "Ndivyo baba yako alikuwa anaifunga."

"Na mbona hii ya kalenda aliificha peke yake huko nyuma?"

"Kwa sababu ndiyo alikuwa anaipenda kuliko zote."

Akaniamini. Macho yakamng'aa kidogo, akaichukua nyota yake akaenda nyuma ya mlango, akajinyoosha kwa vidole vya miguu akaitundika kwenye msumari wa koti. Nilisimama nyuma yake na vile vipande viwili vya twiga vikiwa mfukoni mwa aproni yangu. Shem alitabasamu pale msumarini, ameangusha bega, jicho moja liko mkunjoni. Nilihisi pengo lake kuliko siku tuliyomzika. Namalwa akageuka akaniona ninavyolia, na sikugeuza uso.